SAMAKI WA BWAWANI AKIUGUA, TAZAMA MAJI KWANZA

Ndugu wakulima wa Bukoba na Muleba, leo tunazungumza na ninyi mliochimba mabwawa mabondeni, chini ya vibanja vyenu vya migomba na kahawa. Ng'ombe akiugua hukataa majani, nawe unamwona. Mbuzi hulia. Samaki je? Yeye yumo majini, hana sauti. Unakuja kushtuka sato wa miezi sita wanaelea tumbo juu, na ile ada ya shule uliyoitegemea imekwenda nao.

Nenda bwawani alfajiri. Samaki mzima hukimbia kivuli chako, na ukimtupia pumba huja mbio. Mgonjwa hujitenga, huja pembeni penye maji machache, hujisugua chini, hali chakula. Wengine wana vidonda, au kitu cheupe kama pamba mapezini.

Ukiwaona wengi wako juu, wanatweta midomo wazi, usikimbilie kusema ni maradhi. Huenda hewa imewaishia. Usiku ule ukijani wa majini nao huvuta hewa, na samadi inayooza huvuta pia. Hebu chovya mkono ulionyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, umezidi. Basi acha samadi, acha chakula kwa siku moja au mbili, fungulia maji mapya yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Mfereji umekauka? Chota kwa ndoo, uyamwage humo humo kwa nguvu.

Sasa ile pamba nyeupe. Huo ni ukungu, na mara nyingi humshika samaki aliyechubuliwa na wavu au kwa kushikwa vibaya. Mtoe huyo peke yake. Chukua lita 20 za maji ya bwawa hilo hilo, koroga gramu 200 za chumvi ya kula mpaka iyeyuke yote. Mtie samaki humo dakika 10, zisizidi 30. Simama hapo umwangalie, usiende kunywa kahawa! Akilala ubavu, mtoe mara moja. Kisha mweke kwenye maji safi mbali na wenzake. Dawa hii ni ya samaki wachache ndani ya ndoo. Usimwage chumvi bwawani.

Na vidonge vya watu, vile vya rangi mbili vya dukani, tuvitie majini? Hapana, ndugu. Utatupa fedha, na vijidudu vitazoea dawa unayoihitaji wewe na watoto wako. Vile vile usioshe bomba la kupulizia dawa za mimea kwenye mfereji unaoingia bwawani. Dawa inayoua wadudu wa kahawa au nyanya huua na samaki.

Yako maradhi yasiyo na tiba. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba dalili za kirusi cha sato zimepatikana katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Kwa hiyo usichukue vifaranga mahali ambapo samaki wanakufa, wala usimpe jirani wavu uliotoka kwenye bwawa lenye ugonjwa. Uoshe, uanike juani ukauke kabisa. Samaki aliyekufa mwenyewe asiliwe, asiuzwe, asitupiwe mbwa. Mfukie mbali na maji.

Wakifa wengi kwa siku moja, mwite Bwana Samaki au afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, umwonyeshe samaki aliye mgonjwa lakini bado hai. Aliyeoza hawezi kumweleza kitu.

Mkishavua, kausheni bwawa mpaka tope lipasuke. Mvua zetu ni nyingi, zinaosha udongo na kuuacha na uchachu. Nyunyizeni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100, ndipo mjaze maji upya.

Kumbukeni basi: maji kwanza, samaki pili, dawa mwisho. Kesho alfajiri, kabla ya kushika jembe, pitieni bwawani. Kwa herini.