Masika Yanapoingia Uani

Mwezi wa Machi unapoelekea ukingoni, joto la Dar es Salaam hufika mahali ambapo hata feni hupuliza hewa ya moto. Upepo wa kaskazi huwa umechoka, na wa kusi haujashika zamu. Dudumizi huanza kulia katika vichaka vichache vilivyosalia kando ya mabonde, na wazee wakimsikia husema mvua i njiani. Halafu alasiri moja mawingu hujikusanya, matone makubwa huyapiga mabati kama changarawe, na harufu ya udongo ulioloa hupanda hadi vyumbani. Watoto huwa wamekwisha kutoka mbio uani kabla mama hajawahi kuwakataza.

Katika nchi za Ulaya watu husubiri majira ya machipuko, theluji inapoyeyuka na miti iliyopukutika kuvaa majani upya, na familia nzima hutoka nje kuonja jua. Sisi wa pwani hatuna theluji ya kuyeyuka. Machipuko yetu ni mvua. Tena sisi huyapata mara mbili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Pamoja na neema hiyo maradufu, mkazi wa mjini ameyageuza majira haya kuwa msimu wa manung'uniko. Nguo hazikauki, bati linavuja, basi limekwama, viatu vimejaa tope. Yote hayo ni kweli, wala mwandishi wa makala haya hana nia ya kumwambia mtu aliyesimama kituoni saa mbili akinyeshewa kwamba afurahi.

Lakini yapo mambo ambayo masika huyaleta mlangoni bila kudai senti, na familia zetu zinazidi kuyafungia nje.

Mtu na atembee leo katika mitaa yetu, ya zamani na mipya, achungulie nyua. Nyumba yetu ya Kiswahili tangu zamani ilikuwa na vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma yake ua. Ua huo ndio uliokuwa jiko, dobi, sebule ya akina mama na uwanja wa watoto. Na pembeni hapakukosekana mpapai, shina la mchaichai, mrehani, au mndimu wenye miiba. Sasa fedha kidogo zikipatikana, jambo la kwanza analolifikiria baba mwenye nyumba ni kuufunika ua mzima kwa saruji, au kwa yale matofali madogo ambayo mafundi huyaita pevingi. Ua hung'aa, hufagiliwa mara moja, na wageni husifu. Mpapai hukatwa kwa sababu mizizi yake, ati, itainua sakafu.

Sababu za kufanya hivyo si za kipuuzi. Matope ni kero, na mama ndiye anayedeki. Majani marefu huficha nyoka. Nafasi nayo imekuwa haba: sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika 400,000, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5. Penye wapangaji sita na jiko sita, nani atazungumzia bustani? Hata hivyo, kati ya kusakafia njia ya kupita na kufunika kila shubiri ya ardhi pana tofauti kubwa, na hesabu yake mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Chukua ua wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 10, uliosakafiwa wote. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni ya kawaida kabisa, itamwaga hapo lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Udongo ulio wazi ungekunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Saruji hainywi, huyapeleka kwa jirani, na jirani, naye akiwa amesakafia, huyapeleka mtaroni, na mtaro huyapeleka bondeni. Haitakuwa haki kudai kwamba ua wa familia moja ndio ulioleta mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowatoa watu majumbani mwao katika bonde la Msimbazi hata baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini nyua elfu moja za namna hiyo si jambo dogo kwa yule anayeishi chini ya mlima.

Basi kinachopendekezwa hapa ni kidogo sana: ukanda wa udongo wenye upana wa hatua mbili, ukutani au chini ya mchirizi wa bati, uachwe wazi. Katika ukanda huo ndimo zinamokaa raha zote zitakazotajwa.

Mboga ya kwanza

Tuanze na mchicha, kwa kuwa hauchoshi subira ya mtoto. Mbegu zake ni ndogo kama punje za chumvi, na ukizimwaga kwa mkono zitarundikana mahali pamoja. Zichanganye na mchanga mkavu, konzi moja ya mbegu kwa konzi kadhaa za mchanga, kisha mwachie mtoto azinyunyize mwenyewe. Tuta liwe limeinuliwa na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri, kwani mvua ya masika ina nguvu, nayo ikilikuta tuta tambarare itazizoa mbegu zote. Makuti mawili yaliyolazwa juu yake yatavunja kishindo cha matone. Siku ya nne au ya tano utamsikia mtoto akipiga kelele kabla hajanawa uso: "Baba, zimeota!" Makuti na yaondolewe siku hiyo hiyo, la sivyo miche itarefuka na kupauka kwa kutafuta mwanga.

Katika wiki ya tatu au ya nne mboga huwa tayari. Wanaojua hawakati tuta zima kwa siku moja. Hung'oa ile mikubwa kwanza, wakaiachia midogo nafasi ya kutanuka, na hivyo familia hula mara tatu au nne kutoka tuta moja. Aliyewahi kuutia mchicha chunguni nusu saa baada ya kung'olewa, ukachemkia katika tui zito pamoja na nyanya chungu mbili, ataelewa kwa nini ule wa sokoni, uliolala kwenye gunia tangu alfajiri, hauna utamu huo.

Matembele nayo ni rahisi zaidi. Omba marando kwa jirani, vipande vyenye urefu wa mkono kuanzia kiwikoni, fukia nusu, acha nusu nje. Masika yatafanya yaliyosalia. Kisamvu si cha ua mdogo, maana muhogo hutaka nafasi. Na mwenye kukipata asisahau kukitwanga na kukichemsha muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mpapai hupandwa kwa ujanja. Hakuna awezaye kuutambua mche dume na jike ungali mdogo. Kwa hiyo panda miche mitatu katika shimo moja, subiri ichanue maua, kisha uache mmoja ulio jike na kung'oa mingine. Watoto hupenda sana shughuli hii ya kungojea, na kila mmoja huuchagua mche wake na kuapa kwamba huo ndio utakaozaa.

Wenye umri watakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974, baada ya ukame, ambapo watu wa mijini nao walihimizwa kushika jembe. Wakati ule sababu ilikuwa njaa. Tuta la uani halitaiondolea familia ya leo gharama ya unga wala mafuta, na anayeahidi hivyo anadanganya. Litapunguza safari za gengeni, basi. Faida yake kubwa iko kwingine. Ni kazi moja ambayo baba, mama na mtoto wa miaka mitano huweza kuifanya kwa pamoja, saa moja ya Jumapili asubuhi, bila yeyote kuwa mzigo kwa mwenzake. Baba wengi hawana kazi nyingine ya namna hiyo. Siku za juma huondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Jumapili hupotelea kijiweni. Mtoto atajifunza mengi kwa mwalimu, lakini namna baba yake anavyoinama, anavyoshika jembe na anavyocheka akiteleza, hayo hayafundishwi darasani.

Kiwavi wa mndimu

Kama ukanda wako una nafasi ya mti mmoja tu, uwe mndimu au mlimau. Mbali na ndimu zenyewe, mti huu una tamasha ambalo watu wazima wengi hawajawahi kulitazama. Mvua zikishika, mndimu huchipua majani laini, na kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano huja kutaga juu yake yai moja moja. Anayeanguliwa ni kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe, anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege, na kwa hila hiyo huwaponyoka ndege wenyewe. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa kidogo kwa ujiti, hutoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali.

Desturi yetu ni kumponda kwa ndala. Safari hii mwache mtoto amtie katika chupa yenye mdomo mpana, pamoja na tawi la majani mabichi yanayobadilishwa kila siku, na mdomo ufunikwe kwa kipande cha chandarua. Atakula bila kuchoka, kisha atajifunga kwenye kijiti kwa uzi na kutulia kama jani lililojikunja. Baada ya wiki mbili tatu hivi, asubuhi moja, kipepeo atakuwa amening'inia humo akikausha mabawa. Mndimu uliokwisha kukomaa hauumii kwa kupoteza majani machache. Mche mdogo ndio wa kulindwa, na hapo viwavi wahamishwe kwa mkono.

Usiku nao una yake. Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi ardhini, nao hufuata taa. Wenye uzoefu huweka beseni la maji chini ya taa ya nje, wadudu wakatumbukia humo kwa mamia. Mabawa yakipeperushwa kwa ungo, hukaangwa bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo yatosha. Wapo wanaoona kinyaa, hasa waliozaliwa mjini. Wasilazimishwe, watabakiza nyingi zaidi kwa wanaopenda. Na wakati kikaango kikiwa motoni, bibi kama yupo nyumbani huombwa kusimulia, chai ya mchaichai ikipoa vikombeni.

Mbu, choo na betri

Shaka kuu ya akina mama ni mbu, na shaka hiyo ni ya haki. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi 2014, na tena 2019. Lakini mbu wa dengi hapendi tuta la mchicha. Hupenda makopo, matairi mabovu, mapipa yasiyofunikwa na visahani vya maua, vitu ambavyo hujaa katika ua wa saruji sawa na mwingine wowote. Kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja kabla hajawa mbu anayeruka. Kwa hiyo mwachie mtoto mkubwa zamu ya kila Jumapili: amwage kila chombo chenye maji yaliyotuama, na kulifunika pipa la kukingia mvua.

Mengine mawili hayana mjadala. Usipande mboga mahali ambapo maji ya choo hufurika wakati wa masika, wala usimwagilie kwa maji ya mtaro unaopokea ya vyoo. Na kama hapo uani palikuwa na karakana iliyovunja betri za magari, ardhi hiyo ina risasi. Mboga ya majani haifai kabisa. Panda maua, au tumia udongo ulioletwa kutoka kwingine, ndani ya magunia.

Magunia hayo ndiyo ukombozi wa wenzetu wa ghorofani, kama wale waliorudi Magomeni Kota 2022 na kukuta ua wao wa zamani umekuwa ngazi na kibaraza. Ndoo mbovu ya lita 20 iliyotobolewa chini hutosha shina la nyanya au pilipili. Gunia lililojazwa udongo na mboji, likatobolewa ubavuni, hubeba matembele pande zote. Liwekwe mahali panapopata jua nusu siku, na aliye ghorofa ya chini aulizwe kwanza kuhusu maji yatakayotiririka.

Masika yakikaribia kwisha, mwishoni mwa Mei, acha mashina matatu ya mchicha yasing'olewe, yale yenye afya kuliko mengine. Yatarefuka, yatatoa vichwa vya mbegu na kuanza kukauka. Vikate asubuhi umande ukiisha kukauka, vipukuchuliwe juu ya ungo, na mbegu zianikwe kivulini siku mbili tatu. Kisha zitiwe katika chupa kavu yenye mfuniko, na mtoto aandike juu yake jina lake pamoja na neno "vuli". Chupa ikae kabatini, mbali na jiko, mpaka Oktoba.