Dawa ya macho inayopotea njiani: Chembe za nano zina tumaini gani?

MFANYABIASHARA anayevusha mzigo mpakani anajua kwamba bidhaa kutoka Kigoma si lazima ifike yote Bujumbura. Dawa ya macho nayo ina safari yake, na sehemu kubwa hupotea njiani.

Tone moja la kawaida ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya jicho na kope. Linalozidi humwagika shavuni. Linalobaki husukumwa na machozi, katika dakika chache tu, hadi kwenye mfereji unaoelekea puani. Ndiyo maana wengine huonja uchungu wa dawa kooni. Kisha ipo konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ambao kazi yake ni kuzuia vitu vigeni. Mwishowe dawa inayoingia ndani ya jicho haifiki hata asilimia 5.

Anayeumia zaidi ni mgonjwa wa glakoma, au presha ya macho kama wengi tunavyoiita. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Uoni ukishapotea haurudi. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kutia matone kila siku, maisha yake yote. Jirani yangu hapa Buyenzi, mama anayeuza vitenge, huacha chupa nyumbani kila anapovuka Mugina kufuata mzigo. Husema macho hayamuumi, atatia akirudi.

Kwa watu kama yeye wanasayansi wanatengeneza chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dawa hufungwa ndani ya vifuko vya ukubwa huo, vya mafuta au vya kitosani, kitu kinachopatikana katika magamba ya kamba na kaa. Kitosani hunata kwenye uteute wa jicho, hivyo machozi hayaiondoi dawa haraka, nayo hutoka kidogo kidogo.

Si ndoto tupu. Mwezi Agosti 2018 Marekani iliidhinisha matone ya siklosporini yaliyofungwa katika vifuko vya nano, kwa ajili ya ugonjwa wa macho makavu. Lakini tone la chembe za nano litakaloachia dawa ya glakoma kwa wiki kadhaa bado liko maabara. Akitokea mtu sokoni na chupa ya namna hiyo, usinunue.

Sisi tuliokulia makambini Tanzania tunajua kwa nini jambo hili ni kubwa. Tunakumbuka mafuta ya tetrasaiklini ya kutibu vikope, yaani trakoma: mara mbili kwa siku, wiki sita. Mtoto analia, mama anawahi shamba, siku ya tano tyubu imesahaulika. Baadaye ikaja azithromaisini, dozi moja ya kumeza, ambayo hubaki mwilini siku kadhaa. Ugawaji wa dawa hiyo, pamoja na usafi wa uso na upasuaji wa kope, uliisaidia Burundi. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi yetu imetokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Dawa iliyo rahisi kutumia ndiyo iliyofika kwa watu.

Tunapongoja nano, tuyatumie vizuri matone tuliyo nayo. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tia tone moja tu. Funga jicho bila kupepesa, kisha bonyeza kwa kidole kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie puani. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika tano.

Chupa isiachwe juani juu ya mzigo. Na matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, yasitumiwe bila daktari: yakizoeleka huweza kupandisha presha hiyo hiyo ya macho.

Aliyefikisha miaka 40, hasa mwenye ndugu aliyepofuka kwa glakoma, aende kupimwa. Na anayesafiri aifunge chupa yake pamoja na karatasi za mpakani, asiiache nyumbani.