Lapi Yako ya Kitambo Haishiki Waifai? Cheki Hizi Kabla Umpee Fundi Doo

Umejibana miezi kadhaa, ukabuy lapi ya ex-UK pale Luthuli ndio uanze kazi za online. Unafika keja, simu inashika waifai fiti, lakini lapi haioni kitu. Kabla urudi tao uambiwe "hii kadi imeisha, leta chapaa", jaribu hizi. Nyingi hazikugharimu hata bob.

1. Waifai imewashwa?
Usicheke. Lapi za kitambo kama ThinkPad huwa na kaswichi kadogo kando au mbele. Zingine unafinya Fn pamoja na kibonye chenye alama ya antena. Fundi anaweza kufanya hii kitu kwa sekunde mbili na bado akulipishe.

2. 2.4GHz ama 5GHz?
Hapa ndio wasee wengi hukwama. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, 2.4GHz na 5GHz. Lapi nyingi za kitambo zina kadi ya 2.4GHz pekee. Kwa hivyo kama waifai yako iko kwa 5GHz tu, simu itaiona lakini lapi haitawahi iona. Shika simu, fungua brauza, andika 192.168.1.1 ama 192.168.0.1. Namba yenyewe na paswadi ya kuingia kawaida ziko kwa stika chini ya ruta. Ukiingia, washa 2.4GHz na uipee jina tofauti ndio usichanganyikiwe.

3. Inaona waifai lakini inakataa kuingia?
Kama paswadi ni sawa, ruta inaweza kuwa imewekwa WPA3, ulinzi uliokuja 2018. Lapi ya mwaka wa 2010 haielewi hiyo lugha. Weka WPA2. Lakini usishuke hadi WEP, hiyo jirani anaivunja kwa dakika chache.

4. Draiva hakuna
Hii hutokea sana kama Windows imewekwa upya. Chomeka simu ya Android kwa lapi na waya ya USB, uende kwa seting'i uwashe USB tethering. Lapi itapata net kupitia simu, ndio udownload draiva ya waifai kutoka kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza hiyo lapi.

5. Imeshika, lakini tovuti hazifunguki
Cheki tarehe. Kama lapi inadhani ni 2009, brauza itakataa tovuti nyingi ikisema si salama. Rekebisha saa. Ikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya ndani imekufa. Kwa mashine nyingi ni CR2032, na ni rahisi kupata.

6. Kadi imekufa kweli
Sawa, hapo toa doo, lakini kidogo tu. Nunua adapta ya waifai ya USB, kale kadude kama flash disk. Muulize muuzaji kama inakubali Windows yako kabla ulipe.

Na jambo la mwisho: kama bado uko kwa Windows 7, Microsoft waliacha kuilinda Januari 14, 2020. Usiingie benki nayo. Linux Mint ni ya bure, na kwa mashine nyingi za kitambo inashika waifai bila kutafuta draiva.