Kulala Kambini Ndani ya Gari: Vifaa vya Kubeba na Kosa Moja Linaloua

Saa tisa usiku, kando ya Ziwa Naivasha. Baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Watoto wamejikunja nyuma ya Noah, blanketi hazitoshi, na nje jiko la makaa lililochoma nyama jioni bado lina joto. Mtu mmoja anasema: "Si tuliingize tu ndani, tufunge mlango?"

Usiku ule wazo hilo linaonekana la busara kabisa. Lakini linaweza kumaliza familia nzima kabla ya asubuhi.

Kwa mwenye Noah, Voxy, Alphard au Hiace, kulala ndani ya gari ni njia nzuri ya kusafiri bila kulipa hoteli. Unakunja viti, unatandika godoro, unaamka ukitazama ziwa. Shida ni kwamba wengi huanza kununua vitu vya kupendeza, kama taa za rangi na viti vya kukunja, halafu wanasahau vile vinavyolinda uhai. Huu hapa mpangilio unaofaa, kuanzia kile cha muhimu zaidi.

1. Hewa kwanza, mengine baadaye

Makaa yanapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haikuwashi macho kama moshi. Ukiivuta, damu yako huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mwili unakosa hewa huku wewe ukidhani ni usingizi tu.

Makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado hutoa gesi hiyo. Na usijidanganye kwamba kufungua dirisha kidogo kunatosha. Gari ni chumba kidogo sana, gesi hujaa haraka.

Kwa hiyo: jiko lolote, la makaa, la gesi au la mafuta ya taa, lisiwashwe wala kuingizwa mahali pa kulala. Makaa yakimaliza kazi, yamwagie maji na uyaache nje. Usiwashe injini usiku kucha ili upate joto, kwani moshi wa ekzosi una gesi hiyohiyo na unaweza kurudi ndani ya gari.

Kuna kifaa kidogo cha betri kinachopiga kengele kikinusa kaboni monoksidi. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, nunua hicho kabla ya taa za rangi.

Mtu akiamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, watoe na wengine wote, kisha tafuta msaada wa daktari hata kama anasema amepata nafuu. Nchini Kenya namba za dharura ni 999 na 112.

Hata bila moto, watu wanne wakilala na vioo vimefungwa kabisa, asubuhi vioo vitatiririka maji na blanketi zitakuwa na unyevu. Acha vioo viwili vya pande tofauti wazi kwa upana wa vidole viwili. Mbu je? Kata chandarua cha zamani, kishone kiasi cha dirisha, kisha kibanie kwenye fremu ya mlango kwa sumaku ndogo. Fundi wa nguo wa mtaani anaimaliza kazi hiyo kwa saa moja.

2. Joto bila moto

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Wengi hurundika blanketi juu yao na kusahau kwamba baridi nyingi hutoka chini, kwenye bati la gari.

Tandika kwanza mkeka au zulia la sponji, halafu godoro, halafu blanketi moja chini yako na nyingine juu. Ziba vioo kwa zile karatasi zinazong'aa za kuzuia jua, ukiacha mwanya wa hewa. Mchana zinapunguza joto, usiku zinapunguza baridi, na zinawazuia wapita njia kuchungulia.

Chupa ya mpira yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo, inapasha kitanda joto kwa saa kadhaa. Soksi kavu na kofia ya sufu zinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

3. Betri ya gari si ya muziki

Kosa la pili linalowaharibia watu safari ni kutumia betri ya kuwashia gari kwa taa, friji na muziki usiku. Asubuhi unazungusha ufunguo, gari linalia "tik tik", basi. Na kumbuka, gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Beba nyaya za kuboosti betri, hata kama gari ni zima.

Ukipanga kusafiri mara kwa mara, weka betri ya pili, tena ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya kawaida ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina kama Wh 1,200, lakini ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani Wh 600. Simu nne zinakula kama Wh 80. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa tano zinakula 50. Friji ndogo ya volti 12 inaweza kula kama 400 kwa siku ya joto. Jumla ni 530. Inatosha, lakini kwa siku moja tu. Siku ya pili unahitaji paneli ya sola au kuendesha gari masaa kadhaa.

Fundi akifunga betri hiyo, hakikisha ameweka fyuzi karibu kabisa na betri. Waya ukikwaruzika bila fyuzi, moto unaanzia chini ya godoro.

Huna pesa ya friji? Gandisha maji kwenye chupa ngumu za kutumika tena na uzipange kwenye kasha la barafu. Zinapoyeyuka unakunywa. Zile chupa nyembamba za plastiki za kutumika mara moja ziache nyumbani, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 haziruhusiwi ndani ya mbuga za Kenya. Mifuko ya plastiki nayo ilishapigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

4. Kupika

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha wikendi nzima. Pika nje, mahali tambarare, mbali na gari na nyasi kavu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari haipandi juu kutoka dirishani, inakaa sakafuni, pale mnapolala. Usafirishe mtungi ukiwa umesimama na umefungwa usianguke, na usiku uache nje. Kabla ya safari, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu, kuna uvujaji. Kizimamoto kiwe karibu na mlango, si chini ya mizigo.

5. Maji na choo

Kadiria lita 5 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu wanne kwa siku mbili ni lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Hiyo ni kilo 40, kwa hiyo yapange chini na uyafunge vizuri, si juu ya keria.

Beba koleo dogo. Pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, kisha fukia. Karatasi na pempasi rudi nazo nyumbani.

6. Chakula na wageni wa usiku

Nyani na tumbili wanajua gari ni ghala. Dirisha likiachwa wazi dakika mbili, mkate umekwenda. Tembo naye ananusa matunda kutoka mbali, hivyo kambini porini usilale na machungwa au ndizi. Osha vyombo kabla ya kulala na usiache mabaki nje.

Kando ya Ziwa Naivasha, viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi. Kambi kadhaa zina uzio wa umeme kwa sababu hiyo. Lala upande wa ndani, na ukitoka usiku, mulika kwanza. Usisimame kati ya kiboko na maji.

7. Chagua mahali kabla giza halijaingia

Mto mkavu una mchanga laini na kivuli kizuri, ndiyo maana unavutia. Lakini mvua inaweza kunyesha mlimani mbali na pale ulipo, na maji yakakufikia bila hata tone moja kukudondokea. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watalii ndani ya korongo la Hell's Gate. Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo huko Maasai Mara, kambi zikafurika na wageni wakaokolewa. Msimu wa mvua, egesha juu, mbali na mto, gari likielekea njia ya kutokea.

Ndani ya mbuga, lala kwenye maeneo ya kambi yaliyotengwa tu. Kuendesha gari usiku hakuruhusiwi, hivyo fika mapema. Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen. Lipia ukiwa bado na mtandao, pakua ramani kwenye simu, na mwachie ndugu ujumbe: mko wapi na mnarudi lini.

8. Gari lenyewe

Kagua upepo wa spea, maana hiyo ndiyo huwa imesahaulika. Beba jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuweka chini yake ili isizame kwenye udongo. Pampu ndogo ya umeme ni rafiki mkubwa: ukikwama kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, toka polepole, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Jaribu nyumbani kwanza

Kabla ya kwenda popote, laleni usiku mmoja ndani ya gari mkiwa uani kwenu. Hapo ndipo mtajua godoro ni fupi, chandarua kina tundu, au baba anakoroma. Mtajua pia mnahitaji blanketi ngapi.

Hilo la blanketi lichukulieni kwa uzito. Familia iliyobeba blanketi za kutosha haitakuwa na sababu ya kulitazama jiko saa tisa usiku.