Kirusi kinapoliteka jiko la seli

Akina mama wengi wamekwisha kusikia kwamba saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Ni wachache walioelezwa kirusi hicho hufanya nini ndani ya mwili. Tumeona tulieleze jambo hilo, kwani ajuaye mwendo wa adui hujua pia pa kumzuilia.

Seli yenye afya ni kama jiko la mtu mwenye kuweka akiba. Kwa msaada wa oksijeni, huichoma sukari yote na kupata vipimo vya nguvu vipatavyo 30 kwa kila molekuli. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Kijerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za saratani humeza sukari nyingi, lakini huichoma nusunusu hata oksijeni ikiwapo. Njia hiyo huzipa vipimo viwili tu.

Kwa nini ubadhirifu huo? Kwa sababu sukari isiyoungua yote hugeuzwa malighafi ya kujengea seli mpya. HPV huchochea tabia hiyo kwa protini zake mbili. E6 humvunja mlinzi aitwaye p53, ambaye huisimamisha seli yenye hitilafu na kuidhibiti isitumie sukari ovyo. E7 nayo hulegeza breki inayozuia seli kugawanyika. Hapo seli hubaki haina mlinzi wala breki, na njaa yake haishi.

Hata hivyo, mara nyingi mwili hukishinda kirusi hicho wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikinga'ng'ania, kwa kawaida saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea. Kwa wenye kinga dhaifu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Muda huo ndio nafasi yetu. Chanjo hutolewa kwa wasichana nchini Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Wapo wazazi wanaoikataa, wakiiona kama tuhuma juu ya maadili ya binti. Tunawasihi wafikiri upya: kirusi hiki hupita katika tendo la ndoa, na mke aliyejihifadhi maisha yake yote huweza kukipata kwa mumewe.

Naye mama aliyefika miaka 30 asione haya kupimwa. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, na penye seli zilizobadilika hugeuka peupe. Dalili hiyo ikionekana mapema, hutibika kabla haijawa saratani. Mabinti na wake zetu ni amana. Tusiipoteze kwa haya.