Ukikwama Pemba, vuka vilima uende Pujini

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Tanga, Shimoni au Mombasa kwenda Pemba huijua gati, ofisi ya forodha, ghala na nyumba ya wageni. Mzigo ukichelewa, au bahari ikichafuka wakati wa kusi, siku nzima huishia barazani, simu mkononi, akiuliza chombo kitaondoka lini. Siku kama hiyo inatosha kabisa kutembea kwa miguu kutoka Chake Chake hadi magofu ya Pujini na kurudi. Njiani atapita katikati ya mambo yaliyowafanya watu wa Mombasa, Oman na hata Ureno wakitamani kisiwa hiki.

Pujini iko kama kilomita 10 kusini mashariki mwa Chake Chake. Mwenye miguu mizuri hufika kwa saa mbili na nusu hivi, zaidi kidogo akisimama kupumzika. Vilima vya Pemba si virefu, na aliyezoea Usambara au Taita atavicheka. Kinachochosha ni wingi wake. Unapanda, unateremka bondeni, unapanda tena, na ukifika juu unakiona kingine mbele. Mabaharia wa Kiarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na hadi leo jina hilo halihitaji kuelezwa.

Mabondeni kuna mpunga, na hapo ndipo historia ya biashara ya kuvuka bahari ilipo. Mombasa ya zamani haikuweza kujilisha yenyewe. Mchele wake ulitoka Pemba, kwa majahazi, na kila aliyeitawala Ngome ya Yesu alilijua hilo. Wareno waliuchukua mchele huo. Wamazrui waliotawala Mombasa katika karne ya 18 walihakikisha Pemba iko mikononi mwao. Sayyid Said wa Oman alipotaka kuwavunja nguvu alianza na ghala lao: Pemba iliwatoka Wamazrui mwanzoni mwa miaka ya 1820, na Mombasa yenyewe ikafuata mwaka 1837. Mtu anayepita kwenye kingo za majaruba ya mpunga leo anapita kwenye sababu ya vita vile.

Juu ya vilima ni karafuu. Hazikuwa nyingi hapa hapo mwanzo, kwa kuwa Unguja ndiyo iliyotangulia. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Mashamba hayo yalipandwa na kuvunwa kwa jasho la watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, lakini wengi wa walioachwa huru hawakuwa na pa kwenda zaidi ya vilima hivihivi.

Ukipita wakati wa msimu, harufu hukufikia kabla hujaiona miti. Karafuu huanikwa juani kwenye majamvi mbele ya nyumba na kandokando ya barabara, na watoto huzichambua vikonyo. Mfanyabiashara hapo huanza kupiga hesabu kichwani. Aiache. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuzinunua kwa mkulima njiani au kuzivusha bila ruhusa ni magendo. Sheria haimwulizi mtu kama alijua. Chombo hukamatwa, mzigo hutaifishwa, na mwenye mzigo hufikishwa mahakamani.

Kuna wanaosema sheria hiyo humbana mkulima, hasa bei ya ng'ambo inapokuwa juu, na kwa Jumuiya inayohubiri soko la pamoja swali hilo ni la haki. Lakini swali la haki halimwokoi mtu aliyekutwa na magunia usiku ufukweni. Anayetaka karafuu aanzie ofisi ya ZSTC.

Baada ya vilima vya mwisho nchi hubadilika. Udongo mwekundu huisha, miti hupungua, na mguu hukanyaga uwanda wa upande wa mashariki. Hapo ndipo palipo na ngome ya Pujini, ambayo wataalamu wa mambo ya kale huihesabu kuwa ya karne ya 15 na 16. Wenyeji huihusisha na mtawala mmoja tu, Mkama Ndume. Jina lenyewe linatosha: aliyewakamua wanaume. Husimuliwa kwamba watu walimbebea mawe ya ujenzi huku wakijisogeza kwa makalio, maana hakuwaruhusu kusimama mbele yake.

Asitegemee kuta ndefu kama za Mombasa. Kilichobaki ni boma la udongo na mawe, vichaka, mibuyu, na mfereji uliokuwa ukiviingiza vyombo kutoka baharini hadi karibu na kuta. Mfereji huo ni wa kutazamwa kwa makini, kwa sababu mtu hachimbi njia ya majahazi mpaka mlangoni kama hana mzigo wa kupokea. Kuna pia chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililochongwa katika chokaa ukutani.

Kisha kuna kisima. Mkama Ndume, wanasema wenyeji, alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati ili kila mmoja ateke maji upande wake wasionane. Kwa mtawala aliyeogopwa kiasi kile, ukuta wa kisimani ni ushahidi kwamba nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Mpaka unaomchelewesha mfanyabiashara gatini ni mdogo sana kwa umri ukilinganisha na njia yenyewe. Familia za Wapemba zilikuwa zikivua na kuhamia Kwale na Kilifi kwa vizazi, na wengi wao waliishi huko bila uraia wa nchi yoyote, bila kitambulisho cha kufungulia akaunti wala kusajili chombo. Kenya iliwatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii zake mwaka 2023.

Kwa anayekwenda: toka Chake Chake alfajiri, baada ya sala, kabla jua halijapanda. Beba maji ya kutosha, kwani uwandani kivuli ni haba. Vaa nguo za heshima, unapita vijijini. Pitia kwanza makumbusho yaliyo katika ngome kongwe ya mjini, uulize habari za kuingia magofuni, na ukifika Pujini jitambulishe kwa sheha. Kijana wa hapo akikuongoza mpe chake, kwani bila yeye chumba cha chini hutakiona. Wakati wa masika mabonde huwa tope tupu, na hapo heri kubaki barazani. Miguu ikigoma kurudi, bodaboda hupatikana, lakini patana bei kabla ya kupanda.