Alama za vidole hazitaji kabila

KIDOLE gumba kimekuwa na kazi nyingi Afrika Mashariki. Huwekwa kwenye mashine ili kupata kitambulisho, kusajili laini ya simu na kuomba pasipoti. Si ajabu kwamba wapo wanaouliza: je, kidole hicho kinaweza pia kueleza ukoo wa mtu?

Kinaeleza kidogo sana. Michirizi ya vidole hujichora mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 10 na ya 17 hivi ya mimba. Vinasaba vya wazazi huchangia umbo la jumla, liwe kitanzi, duara au upinde, ndiyo maana ndugu wanaweza kufanana. Lakini mikatiko midogo ya michirizi hutegemea pia hali ya tumboni, na hata mapacha wa kufanana hawana alama moja.

Mwingereza Francis Galton, aliyechapisha kitabu kuhusu alama hizo mwaka 1892, alitafuta ndani yake dalili ya kutenganisha jamii za watu. Hakuipata. Maumbo yaleyale yamo katika kila jamii, yakipishana kwa wingi tu.

Kanda hii inajua gharama ya kusoma asili ya mtu mwilini. Nchini Rwanda, wakoloni wa Kibelgiji walipima watu pua, vichwa na urefu, na katika miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto akarithi kabila la baba yake kwenye karatasi. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja likatosha kumuua mtu. Baada ya mauaji ya kimbari, neno hilo liliondolewa.

Kinachoeleza asili vizuri zaidi ni vinasaba, navyo vimekuja na habari tofauti. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwamo Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi walikuwa wamechanganya damu: ya Kiafrika, hasa kupitia kwa wanawake, na ya Asia, hasa Uajemi, kupitia kwa wanaume. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuzibuni, na waliosema Mswahili ni Mwafrika hawakukosea.

Kwa afisa wa mpakani, kidole kinathibitisha jambo moja: aliyesimama mbele yake ndiye mwenye pasipoti. Anayetaka habari za babu na bibi zake atazipata kwa wazee wake, na huenda wakamtajia majina ya watu waliozaliwa ng'ambo ya mpaka huohuo.